SOMO KWA WENYE VYOMBO: KUTAFUTA HITILAFU ZA UMEME CHOMBONI NA UMEME WA NCHI KAVU

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye boti na mashua za mashine, hususan wale ambao vyombo vyao hufungwa au hupandishwa kwa matengenezo katika mwambao wa Kawe, Msasani na Kunduchi, Dar es Salaam, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini na kuwasomea manahodha na mabaharia wao.

Umeme wa nchi kavu ni ule unaoingizwa chomboni kwa waya kutoka jengo au gati. Wakaazi wa Unguja wanaielewa hali ya kutegemea waya wa namna hiyo. Tangu mwaka 1980 kisiwa hiki kimekuwa kikipokea umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Kawe, hadi Fumba. Njia hiyo ilipoharibika mwezi wa Disemba 2009, kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi; na mwaka 2013 ukaongezwa waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100. Boti iliyofungwa gatini nayo ni mfano wa kisiwa kidogo, ila waya wake hukanyagwa, hunyeshewa na huvutwa na maji kila siku.

1. AINA MBILI ZA UMEME

Katika boti nyingi mna umeme wa aina mbili. Wa kwanza ni mkondo mnyoofu wa betri, wa volti 12 au 24, unaowasha mashine, taa za safari na redio. Huu kwa kawaida hauui kwa kugusa, lakini waya zake zikigusana bila ya fyuzi huweza kuwasha moto chomboni. Wa pili ni mkondo geu wa nchi kavu, ambao Tanzania Bara na Zanzibar ni wa volti 230 na hezi 50. Huu unaua.

Mwenye boti iliyonunuliwa ikiwa imetumika nje ya nchi aangalie kwanza kibao cha kila kifaa. Kifaa cha Japani huwa ni cha volti 100, na cha Marekani volti 120. Kikichomekwa moja kwa moja katika soketi yetu kitaungua. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi. Hivyo mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 huenda ikazunguka polepole na kupata moto hata baada ya kufungiwa transfoma.

2. HATUA ZA UCHUNGUZI

Kanuni ni moja: anza nchi kavu, kisha uelekee chomboni, hatua kwa hatua. Anayeanza kwa kufungua chaja hupoteza siku nzima, kumbe uniti za LUKU zimekwisha.

(a) Soketi na plagi. Hakikisha kuwa umeme upo gatini. Kisha zima, chomoa na utazame. Plagi iliyobadilika rangi, iliyoyeyuka au yenye joto ni dalili ya kiungo kilicholegea au kilichoingia chumvi. Ibadilishwe, kuisugua hakutoshi.

(b) Waya. Waya mrefu na mwembamba hula umeme njiani. Waya wa mita 50 wenye unene wa milimita za mraba 1.5 ukipitisha ampea 10 hupoteza takriban volti 12, na takriban wati 120 hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Ukiwa umeviringishwa, joto hilo halina pa kutokea na ganda huyeyuka. Ukunjuliwe wote. Aidha, wakati wa bamvu maji ya mwambao huu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Waya uachiwe ulegevu wa kutosha, bila ya kugusa maji. Viungo vya kufungwa kwa utepe haviruhusiwi.

(c) Swichi ya kinga. Swichi ya uvujaji ya miliampea 30 hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifikia kiwango hicho, hukata. Ikijikata, chomoa vifaa vyote chomboni, maana kuvizima kwa swichi hakutoshi. Irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja. Kifaa kitakachoifanya ikate tena ndicho kibovu. Ikikata hali vifaa vyote vimechomolewa, tenganisha waya na boti: ikitulia, ubovu umo katika nyaya za chombo, ikiendelea kukata, ubovu umo katika waya au soketi. Ni marufuku kuiruka swichi hiyo. Swichi inayokata inatoa taarifa kuwa umeme unapita mahali usipotakiwa, na njia yake ya pili huweza kuwa mwili wa baharia.

(d) Chaja na betri. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma volti 12.7 ikijaa, na 12.2 ikiwa nusu. Ikichajiwa husoma baina ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chaja imewashwa na kipimo hakipandi, angalia fyuzi na vichwa vya betri kabla ya kuilaumu chaja. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayoripuka. Milango ifunguliwe na pasivutwe sigara.

(e) Taa hafifu. Taa ikiwa inawaka, pima volti kwenye betri, kisha kwenye taa yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, fuata waya hadi kwenye kiungo chenye ukungu wa kijani. Mara nyingi huko ndiko umeme unakopotea.

(f) Zinki kuliwa haraka. Waya wa ethi huunganisha chuma cha boti yako na vyuma vya boti za jirani, na mkondo mdogo hupita baharini ukila zinki, kisha rafadha. Dawa yake ni kufungiwa kwenye ethi kifaa maalumu cha kuzuia mkondo huo. Ethi isikatwe kamwe: atakayeikata ataiokoa rafadha na kumhatarisha mtu.

3. MAKATAZO

Jenereta na umeme wa nchi kavu visiunganishwe kwa wakati mmoja. Pawepo swichi ya kugeuza inayoruhusu kimoja tu. Waya wa moto na wa nyutro visibadilishane nafasi, kwani swichi itazima taa huku umeme ukibaki ndani ya kifaa. Mtu asioge wala kupiga mbizi kandokando ya boti iliyounganishwa na umeme. Kazi yoyote ya volti 230 ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo kwa upande wa Tanzania Bara hutolewa na EWURA.

4. MTU AKINASWA

Usimshike. Zima umeme gatini kwanza. Ikishindikana, mtenge na waya kwa mti mkavu, nawe ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, ukandamize katikati ya kifua mara 30, kisha umpulizie pumzi 2, na uendelee hivyo kwa mwendo wa mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika huku mwengine akitafuta usafiri wa hospitali.

Inasisitizwa kuwa kila nahodha ahakikishe angalau mabaharia wawili wanajua swichi kuu ya gatini ilipo, na wanaweza kuifikia usiku bila ya taa.