Jina la mwongozo wako wa urembo liko kwenye meseji za wateja

Naona dada zetu wengi mnaouza mafuta, losheni na vitu vya nywele mmeanza kutengeneza miongozo ya PDF, ile ya elfu tatu au elfu tano unayomtumia mteja WhatsApp akishalipia kwa simu. Wazo zuri, maana halitaki mtaji wa mzigo wala hela ya bodaboda. Ila mwongozo unaitwa "Urembo wa Mwanamke wa Kisasa", na hauuziki.

Shida ya jina hilo ni kwamba halimwiti mtu. Mwanamke gani? Binti wa chuo, mama aliyejifungua juzi, bibi harusi, au mama anayeshinda juani sokoni Tengeru? Kila mmoja ana lake linalomsumbua, na kila mmoja akisoma jina hilo anaona ni la mwenzake.

Fanya hivi. Rudi nyuma kwenye WhatsApp yako miezi mitatu, nakili kwenye daftari kila swali ambalo mteja aliuliza kuhusu mwili wake, sio kuhusu bei. Liandike vilevile alivyoandika yeye, na makosa yake yote. Halafu hesabu yapi yanajirudia. Kwangu mimi hapa Arusha, kuanzia mwisho wa Mei maswali yanakuwa yaleyale: "dada ngozi inapauka", "miguu imekuwa kama nimepakwa majivu", "midomo inapasuka". Na si ajabu. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni hadi Agosti ni baridi tupu, watu wanaoga maji ya moto kwelikweli, na maji ya moto yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi. Mvua nazo zimekata, vumbi linaanza.

Hapo tayari una kona yako. Sio "urembo", sio hata "ngozi". Ni ngozi inayopauka, ya mwanamke wa Arusha, miezi ya baridi. Jina linakuja lenyewe: "Ngozi Isipauke: Miezi ya Baridi kwa Dada wa Arusha". Ona sijaandika "kutunza unyevu wa ngozi". Hakuna mteja aliyewahi kuniandikia neno unyevu. Wao wanasema kupauka, na hata wakitafuta Google au TikTok wanaandika maneno yao hayohayo. Jaribu mwenyewe, andika "ngozi ku" pale pa kutafutia uone simu inakumalizia nini.

Utaniambia soko litakuwa dogo, mbona Dar kuna watu wengi? Yani Dar joto, mteja wa kule anahangaika na jasho na uso wenye mafuta. Ukiandika cha kuwatosha wote utaishia kwenye "kunywa maji mengi, lala mapema", vitu anavyovipata bure. Ukimwandikia wa Sakina na Usa River unaweza kumpa cha kufanya kesho asubuhi: aoge maji ya vuguvugu, ajifute bila kujikausha kabisa, apake mafuta ngozi ikiwa bado ina majimaji. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Mteja akielewa hilo anaona matokeo, na akirudi kununua anakuja kwako. Na baridi haiko Arusha peke yake. Mwakani ongea na wateja wa Njombe na Mbeya, rekebisha mifano na jina, una mwongozo mwingine.

Kuna kona mbili usiziguse hata kama zinaulizwa sana. Ya kwanza ni weupe. "Kuwa Mweupe Siku 14" itauza, sikatai, lakini ndani yake utaandika nini zaidi ya mkorogo? Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, zebaki inaharibu hadi figo, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Dada wa watu akiungua uso, jina na namba yako viko kwenye jalada.

Ya pili ni ya hapa kwetu hasa: meno. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, hadi Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa kwenye maji. Ile rangi ya kahawia iliingia utotoni, jino likiwa bado linajengeka. Mkaa hauitoi, na ndimu inalila jino lenyewe. Huyo mteja mwelekeze kwa daktari wa meno, usimuuzie "Meno Meupe Siku Saba".

Kabla hujaandika hata ukurasa mmoja, jaribu jina. Weka moja stetasi leo jioni, la pili baada ya siku tatu, saa ileile. Usihesabu waliotazama wala mioyo, hesabu waliouliza "bei gani?" Na jalada litazame kwenye simu ndogo: maneno mawili matatu yawe makubwa, mengine chini kwa herufi ndogo, maana huko stetasi hakuna anayekuza picha.

Mwongozo wa baridi uwe tayari katikati ya Mei. Ukiutoa Agosti mwishoni umechelewa, jua linarudi. Bora ulifungue daftari upya. Kwangu Novemba na Desemba maswali yanahamia kwenye nywele za mbele kukatika, kwa sababu watu wanasukia sikukuu na rasta zinavutwa mno. Jina la huo ninalo tayari: "Suka, Nywele za Mbele Zibaki". Naliweka stetasi Oktoba.