SOMO LA KIKUNDI: Jina Kamili la Mwani

Hapa Mwea ukiomba mchele dukani utaulizwa: Pishori au Sindano? Yote ni mpunga, Oryza sativa, lakini bei si moja. Asiyejua tofauti huuziwa mchanganyiko.

Shida hiyo iko hata baharini. Wakulima wa Kibuyuni, Kwale, wengi wao akina mama, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, huvuna na kuanika. Ndani yake mna karagini, inayogandisha dawa ya meno na aiskrimu. Sokoni kuna aina mbili, "spinosum" na "cottonii". Tujifunze wataalamu wanaitaje.

1. KUNDI. Zote ni mwani mwekundu, Rhodophyta, familia ya Solieriaceae. Usishangae ukiona wa kijani au kahawia! Kundi halipangwi kwa rangi ya nje pekee, bali pia kwa kemikali za rangi zilizo ndani na namna mmea unavyozaana.

2. JINA. Kila aina ina majina mawili: la kwanza ni kama la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Spinosum iliandikwa na Burman mwaka 1768 kuwa Fucus denticulatus. Mwaka 1771 Linnaeus akaiita Fucus spinosus. Kanuni ni kwamba jina la pili lililotangulia kuchapishwa ndilo hushinda, hata mmea ukihamishwa ukoo. Kwa hivyo leo ni Eucheuma denticulatum.

3. MAREKEBISHO. Cottonii ya sokoni ilipewa jina alvarezii na Maxwell Doty mwaka 1985. Mwaka 1988 aliihamishia ukoo mpya, Kappaphycus, kwa sababu karagini yake ni ya aina ya kapa, inayoganda ngumu. Na kumbe iko aina nyingine kabisa inayoitwa cottonii kitaalamu!

FAIDA YAKE NI NINI? Zanzibar, ambako kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989, alvarezii hulipwa zaidi lakini hufa upesi maji yakipata joto. Denticulatum huvumilia, ila bei yake ni ya chini. Mkulima akikosea mbegu, amepoteza msimu mzima. Basi jina kamili si madoido ya wasomi. Ni kama mizani, linamlinda anayeuza na anayenunua.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni mbegu gani hapa kwetu huitwa majina tofauti?
2. Kabla ya kununua mbegu, kikundi chetu kimuulize muuzaji nini?