SOMO LA KIKUNDI: Mto Naili Unaanzia Shambani Kwetu

Kila tukikutana na vikundi vya milimani, swali moja halikosekani: "Kwa nini tujichoshe kuchimba matuta? Maji ya mvua si yanapita tu na kwenda zake?" Ni swali zuri. Lakini yanakwenda zake wapi? Leo tutayafuata. Mmoja wenu asome kwa sauti, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. Safari ya maji

Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Cherangani, maji mengi yanateremkia Mto Nzoia. Nzoia unapita karibu na Webuye na Mumias, unashuka mpaka Budalangi, kisha unaingia Ziwa Victoria. Mito ya Yala, Nyando, Sondu na Kuja nayo inaishia ziwa hilo hilo. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Maji yake mengi ni ya mvua inayonyesha juu ya ziwa. Mengine huletwa na mito, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, unaotoka Rwanda na Burundi.

Sasa, ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Kutoka hapo mto unaitwa Naili. Unapita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, unaingia Sudan Kusini, na huko unatawanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd. Karibu nusu ya maji hukaukia humo kwa jua. Yanayobaki yanafika Khartoum, yanavuka jangwa, yanapita Misri na kumwagika katika Bahari ya Mediterania. Kutoka vijito vya mbali kabisa mpaka baharini ni karibu kilomita 6,650, na nchi 11 zina sehemu katika bonde la mto huu.

Kwa hiyo mama anayechota maji Nzoia na mkulima anayemwagilia shamba karibu na Cairo ni majirani. Wanatumia mto mmoja.

2. Udongo ulikuwa wa nani?

Wengi wetu tuliusikia mto huu kwanza katika habari za mtoto Musa, aliyefichwa katika kisafina kando ya maji. Misri ya zamani ilijulikana kwa chakula kingi, na huko mvua hainyeshi ila kidogo sana. Chakula kilitoka wapi?

Pale Khartoum, Naili Nyeupe, yaani ule unaotoka kwetu, unakutana na Naili ya Buluu kutoka Ethiopia. Kati ya Juni na Septemba mvua kubwa hunyesha katika milima ya Ethiopia. Karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Misri hutoka huko. Kwa maelfu ya miaka maji hayo yalifurika Misri yakiwa yamebeba udongo mweusi. Mafuriko yakipungua, Wamisri walipanda juu ya tope hilo na kuvuna vizuri.

Hebu tusimame hapa kidogo. Udongo ule ulitoka kwa nani? Ulitoka kwenye mashamba na miteremko ya Ethiopia. Baraka ya mtu wa chini ilikuwa hasara ya mtu wa juu.

Na siku hizi hata mtu wa chini haupati. Kati ya 1960 na 1970 Misri ilijenga Bwawa Kuu la Aswan. Lilileta umeme, likazuia mafuriko, na wakulima wakapata maji mwaka mzima. Lakini maelfu ya Wanubi walihamishwa makwao, udongo unanaswa nyuma ya ukuta, na mkulima inambidi anunue mbolea. Huko Sudan, Bwawa la Roseires, lililomalizika 1966, limepoteza sehemu kubwa ya nafasi yake kwa kujaa tope.

Kwetu ni vivyo hivyo. Udongo ukitoka shamba la mlimani unaenda kulala chini ya mto kule bondeni. Kina kinapungua, na mvua kubwa ikija maji yanapanda kingo. Mwaka 2020 watu wengi wa Budalangi walikimbia mafuriko. Kweli, mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa sana, hata ziwa likapita kipimo cha juu cha mwaka 1964. Lakini mto uliojaa tope hauna mahali pa kuweka mvua kama hiyo.

3. Nani aliulizwa?

Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, Kenya ikiwemo, ilipatana na Misri. Walisema kazi yoyote kwenye Naili na maziwa yake, ikiwa itapunguza maji ya Misri, isifanywe bila Misri kukubali. Wazee wa Nzoia hawakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Ethiopia, yanakotoka maji mengi, haikuitwa mezani.

Mambo kama hayo huzaa ugomvi. Mwaka 2011 Ethiopia ilianza kujenga bwawa lake kubwa kwenye Naili ya Buluu, na ikalizindua 2025, huku Misri ikilalamika. Tusiwacheke Wamisri. Wako zaidi ya milioni 100, na karibu maji yao yote ni ya mto huu.

Hata hivyo, nchi za bonde zimejaribu kukaa pamoja. Mwaka 1999 zilianzisha ushirikiano wenye ofisi Entebbe. Mwaka 2010 Kenya ilikuwa kati ya nchi zilizotia sahihi mkataba mpya wa kutumia maji kwa haki, ambao ulianza kufanya kazi Oktoba 2024. Misri na Sudan hazijauingia. Safari ni ndefu, lakini anayekaa mezani husikia shida ya mwenzake.

4. Sisi tufanye nini?

Mikataba ni ya serikali, lakini mteremko ni wetu. Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa kikundi:

Kwanza, tulime kwa kukata mteremko, tusilime kwa kuteremka nao. Tuchimbe fanya juu, na juu ya tuta tupande majani ya nepia. Udongo utabaki, na ng'ombe atakula.

Pili, tuache ukingo wa mto upumzike. Kanuni za Kenya zinataka angalau mita 6 zisilimwe. Hapo tupande miti ya kienyeji, si mikaratusi.

Tatu, tuwatembelee watu wa chini. Sheria ya Maji ya 2002 ilifungua njia ya vyama vya watumiaji wa maji ya mto mmoja. Ulizeni kama mto wenu una chama, na kama watu wa juu na wa chini wote wamo.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo nao ukishafika ziwani, hakuna atakayewarudishia.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji ya shamba lako yanaingia mto gani, na mto huo unaishia wapi?
2. Ni nani anaumia huko chini kwa sababu ya kazi zetu? Na ni nani wa juu anayetuumiza sisi?
3. Je, tumewahi kupanga jambo la maji bila kuwauliza majirani? Matokeo yalikuwaje?
4. Kabla ya mvua zijazo, kikundi chetu kitaanza na shamba la nani?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la nne.