Fidia ya Chanjo na Fiqhi ya Suluhu: Mali Huhalalika kwa Saini au kwa Ukweli?



Ndugu zangu wanafunzi, darasa hili limeanzia nyumbani kwetu. Baba yangu mkubwa ni fundi cherehani hapa Kamembe. Mwaka 2021 alichanjwa chanjo ya korona kama wazee wenzake. Wiki chache baadaye miguu yake ikazidi kufa ganzi, hadi akashindwa kukanyaga cherehani. Baadaye akaja bwana mmoja akamwambia kuna mfuko wa kimataifa unaowalipa walioumizwa na chanjo. Yeye angemwandikia maombi, na malipo yakitoka achukue theluthi.

Baba mkubwa akaniita kwa kuwa ninasoma sheria. Nikamwuliza ganzi ilianza lini hasa. Akanyamaza. Mama mkubwa ndiye aliyejibu: "Mwambie mtoto ukweli. Vidole vilikuwa vinakuchoma tangu kabla ya chanjo, kwa ajili ya sukari." Yule bwana alikuwa ameshauri kwamba jambo hilo lisiandikwe.

Swali la baba mkubwa lilikuwa fupi: "Wakinilipa wenyewe kwa hiari yao, mimi nina kosa gani?" Tulitazame swali hili kwa sheria kwanza, kisha kwa fiqhi.

Mfuko wenyewe

Mfuko huo ulikuwepo kweli. Chanjo za kwanza za mpango wa COVAX zilifika Rwanda tarehe 3 Machi 2021, na siku mbili baadaye uchanjaji ukaanza. Februari ya mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mpango wa fidia kwa nchi 92 za kipato cha chini na cha kati zilizopata chanjo kupitia COVAX, na Rwanda ni mojawapo. Fedha zake zilitokana na ada ndogo iliyowekwa juu ya kila dozi.

Mambo manne ya mpango huo yanatuhusu. Kwanza, mdai hakulazimika kuthibitisha kwamba mtu fulani amekosea. Alitakiwa kuonyesha kwamba chanjo imemletea madhara makubwa ya kudumu, au kwamba imesababisha kifo. Pili, maombi yalikuwa bure na hayakuhitaji wakili. Tatu, ushahidi wa daktari au mhudumu wa afya aliyesajiliwa ulikuwa wa lazima. Nne, malipo yalitolewa kwa mkupuo mmoja, na aliyeyapokea alikubali kwamba madai yake yamekwisha na hatakwenda tena mahakamani kwa jambo hilo.

Wazo hili si geni duniani. Uingereza ilitunga sheria ya malipo ya madhara ya chanjo mwaka 1979. Marekani ilitunga yake mwaka 1986, na mfuko wake hukusanya senti 75 kwa kila kinga iliyomo ndani ya dozi. Msingi ni mmoja: chanjo hulinda umma mzima, kwa hiyo yule mmoja kati ya wengi anayeumia asiachwe kubeba mzigo peke yake.

Mwanafunzi wa fiqhi atakumbuka hapa hukumu ya *aqila*. Wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe akamuua pamoja na mimba yake. Mtume (S.A.W.) aliihukumia *aqila* ya yule muuaji, yaani jamaa zake wa upande wa baba, ilipe diya. Hao hawakurusha jiwe, lakini walibeba mzigo. Hazilingani kwa kila kitu, kwani pale muuaji alijulikana, ila hekima ya kugawana mzigo ni ileile.

Suluhu ni za aina tatu

Wanazuoni wameigawa suluhu ya mali katika mafungu matatu.

1. Suluhu pamoja na kukiri. Mdaiwa anakubali deni, kisha wanapatana. Mfano ni Ka'b bin Malik, aliyemdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti hadi sauti zikapanda. Mtume (S.A.W.) akamwashiria Ka'b asamehe nusu, naye akasamehe, na mwenzake akaambiwa alipe nusu iliyobaki. Wanazuoni hawakhitilafiani kuhusu aina hii.

2. Suluhu pamoja na kukanusha. Mdaiwa anasema, "Sidaiwi," lakini analipa kitu ili mzozo uishe.

3. Suluhu pamoja na kunyamaza. Mdaiwa hakiri wala hakanushi.

Khilafu iko katika fungu la pili, na ndilo linaloshughulisha mahakama nyingi leo, kwa sababu kampuni kubwa zinapopatana na wadai huandika kwamba malipo si kukiri kosa. Mahanafi, Wamaliki na Mahanbali wanaijuzisha. Hoja yao ni kwamba dalili za suluhu zimekuja kwa jumla. Mdai anapokea anachoamini ni haki yake, na mdaiwa ananunua utulivu wake. Shafi, madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, hawaijuzishi. Wanauliza: mali hii imelipwa badala ya nini, ikiwa haki yenyewe haijathibiti?

Yatazameni yaliyotokea Kano, Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwajaribia watoto 100 dawa iitwayo Trovan, na wengine 100 wakapewa dawa ya kawaida ili kulinganisha. Watoto 11 walifariki, kutoka makundi yote mawili. Ile ilikuwa dawa, si chanjo, lakini shaka iliyobaki ilichangia watu wa Kano kugomea chanjo ya polio mwaka 2003. Kesi iliendelea miaka mingi. Mwaka 2009 kampuni na serikali ya jimbo zikapatana kwa dola milioni 75, bila kampuni kukiri kosa. Mwaka 2011 familia nne za kwanza zikapokea dola 175,000 kila moja, baada ya kutakiwa vipimo vya vinasaba kuthibitisha uhusiano wao na watoto. Watu wa Kano ni Wamaliki, na kwa madhehebu yao suluhu ya namna hiyo ina mlango. Kwa Shafi ingekuwa na mjadala mrefu.

Sharti ambalo wote wanalikubali

Hapa ndipo penye jibu la baba mkubwa. Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali, katika kitabu chake Al-Mughni, anaijuzisha suluhu pamoja na kukanusha kwa sharti kwamba mdai awe anaitakidi kuwa anachodai ni haki, na mdaiwa awe anaitakidi kuwa hadaiwi. Mmoja wao akijua kwamba anasema uongo, suluhu hiyo ni batili kwake mbele ya Allah, na anachokichukua ni haramu, hata kama karatasi imesainiwa na pande zote.

Asili ya jambo hili iko katika hadithi ya Ummu Salama (R.A.). Watu wawili walikuja kugombania mirathi bila ushahidi. Mtume (S.A.W.) akawaeleza kwamba yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenzake. Atakayepewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Wote wawili wakalia, kila mmoja akamwachia mwenzake.

Basi ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mwongo mali, fomu ya mfuko itamhalalishiaje? Hiari ya mlipaji imejengwa juu ya yale uliyomwambia. Ukimficha kitu ambacho angekijua asingelipa, hapo hakuna hiari, kuna kughushi.

Tulivyoamua

Nilimweleza baba mkubwa kwamba asiache madai kwa sababu ana kisukari. Mwenye kisukari naye anaweza kuumizwa na jambo jingine. Lakini aandike yote, na tarehe zake. Tukaenda kwa daktari wake na daftari la kliniki. Daktari akasema ataandika alichokiona, lakini hawezi kuandika kwamba chanjo ndiyo sababu.

Baba mkubwa hakupeleka maombi. Yule bwana alituona wajinga. Sitawadanganya, siku ile sikufurahi, kwani nilijua deni la kodi ya kibanda chake. Yeye alisema tu, "Nimeshona nguo za watu miaka yote sijawaibia kitambaa. Nianze leo na miguu mibovu?"

Lakini msiligeuze somo hili kuwa kunyamaza. Mtu aliyeumia kweli akaambiwa "ni kadari, subiri" amedhulumiwa mara ya pili. Kudai haki hakupingani na kuridhika na kadari. Ukiona madhara baada ya chanjo yoyote, wewe au mwanao, nenda kituo cha afya mapema yaandikwe, kwa maana taarifa hizo hufika kwa wasimamizi wa dawa, kwetu ni Rwanda FDA. Tunza karatasi zako. Na kabla ya kusaini suluhu, isome hadi mwisho, kwa sababu Muislamu hutimiza mkataba wake, na haki uliyoisamehe kwa hiari yako hurudi kuidai. Ukisaini kwa niaba ya mtoto, jihadhari zaidi: haki ni yake, wewe ni mwangalizi tu.

Maswali ya halaka

1. Malipo ya mfuko usiouliza nani amekosea ni suluhu, ni diya au ni tabarui? Toa hoja.
2. Mshafi akipewa suluhu isiyo na kukiri kosa, afanye nini?
3. Wakala anayemwandikia mdai kwa sharti la theluthi, ujira wake una hukumu gani ikiwa ameficha jambo? Na ikiwa hakuficha?

Wallahu a'alam.