Kahawa Niliyoirudisha Nyumbani

Miaka 6 ya mwanzo ya ndoa yetu nilikuwa rafiki wa kila mtu hapa Ngamiani, Tanga, isipokuwa mke wangu. Nikimaliza swala ya isha, njia yangu ilikuwa moja: kijiwe cha kahawa. Pale nilicheka, nilisimulia ya kazini, niliomba ushauri. Nikirudi saa nne usiku nilibaki na swali moja tu: “Watoto wamelala?”

Siku moja mke wangu akaniuliza taratibu, “Baba Salma, hivi kile kiwanja cha Pongwe tunakiuza?” Alizisikia habari hizo sokoni, kwa mke wa mwenzangu wa kijiweni. Hakugomba. Angegomba ningejitetea.

Swali lake likanifanya niamue kubadilika, na nilianza na ibada. Msikitini nilikuwa sikosi, lakini nyumbani dini yangu ilikuwa ya kuamrisha tu. Mtume amemwombea rehema mume anayemwamsha mkewe kuswali usiku, na mke anayemwamsha mumewe. Basi tukakubaliana: usiku wa kuamkia Ijumaa, anayetangulia kuamka amwamshe mwenzake, tuswali rakaa 2 kabla ya adhana ya alfajiri. Kisha kila mmoja amwombee mwenzake, kwa sauti. Usiruke hilo la sauti. Mara ya kwanza kumsikia akiniombea wepesi wa deni ambalo sikujua kuwa analijua, nilishindwa kuitikia amina.

Urafiki ulichukua muda zaidi. Kwenye darsa tulikumbushwa jinsi Mtume alivyoshindana mbio na Bibi Aisha: kwanza Bibi Aisha akashinda, na baadaye sana Mtume naye akashinda. Nikajiuliza, mimi na mke wangu tunacheza nini? Nikanunua dele dogo, kashata na bao. Nikamwonyesha namna ya kupanga kete 10 ubaoni, 6 kati yake kwenye shimo liitwalo nyumba, na kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja moja, zile 22 za mkononi. Kabla ya mwezi kwisha alinifunga. Lakini ninachokushauri hasa si bao. Tafuteni kitu cha kushika mikononi, macho yasikodoleane, maana maneno mazito hutoka hapo. Ni kwenye bao alikoniambia anataka kujifunza ushonaji, jambo alilokuwa nalo moyoni tangu mtoto wa kwanza. Kijiweni bado naenda, Jumamosi na Jumapili.

La tatu lilikuwa hasira yangu. Tumefundishwa kwamba ukikasirika umesimama, uketi. Nikampa ruhusa aniambie neno moja tu: “Kaa.” Mwanzoni nilikataa na kutoka nje. Sasa nakaa, hata kwenye kizingiti.

Haya ni ya nyumba yenye ukimya na kinyongo. Kukiwa na kipigo, usibaki ndani ukisubiri dua ifanye kazi peke yake; nenda kwa ndugu unaowaamini, nenda dawati la jinsia polisi. Na mkikwama kwenye mvutano wa kawaida, Surat An-Nisaa aya ya 35 imeshaelekeza: msuluhishi mmoja kutoka upande wa mume, mmoja upande wa mke.

Kiwanja hatukukiuza. Nilipomweleza kuwa shida ni ada ya shule, alisogeza kete, akafikiri, akasema tumkodishe jirani alime mihogo. Mwezi huu yeye ndiye aliyekwenda Pongwe kupokea kodi.