Mas'ala ya Kuandika Hati za Kiarabu kwa Kompyuta

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baadu.

SUALI. Waalimu wa vyuo vya Mlalo, Bumbuli na Soni huuliza: Mwalimu ameandika somo nyumbani kwa kompyuta, na herufi zikaonekana sawa. Alipokuja nalo Lushoto mjini kulichapisha dukani, zikatoka zimeachana moja moja, na mwanzo wa neno uko kushoto. Je, sababu ni nini, na dawa yake ni ipi?

JAWABU. Fahamu kwamba kompyuta haihifadhi sura ya herufi. Huhifadhi nambari yake tu. Nambari hizo zimepangwa katika utaratibu uitwao Yunikodi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Ba ina nambari moja, ikiwa mwanzo wa neno, kati au mwisho. Kuziunganisha herufi na kuzianzisha kuliani ni kazi ya programu. Na sura zenyewe hutoka katika fonti. Programu isiyojua kuunganisha huziacha mbalimbali. Na fonti iliyokosa herufi huweka kisanduku kitupu mahali pake.

Na Kiswahili kina haja zaidi, kwani herufi 28 za Kiarabu hazina pe wala che. Pe ikiandikwa kwa ba, "pata" na "bata" huwa neno moja machoni. Kwa hiyo huandikwa pe yenye nukta tatu chini. Nayo imo katika Yunikodi, walakini haimo katika kila fonti.

DAWA ni mambo matatu. Kwanza, ichaguliwe fonti iliyotimia, kama Amiri, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq, Cairo; nayo hupatikana bure. Pili, maandishi yaelekezwe kuanzia kuliani. Tatu, waraka upelekwe dukani kwa faili ya PDF iliyobeba fonti ndani yake, ili usitegemee kompyuta ya mwenye duka.

TANBIHI. Kompyuta haijui maana. Mtu akibonyeza kaf mahali pa qaf, "qalbu", nayo ni moyo, huwa "kalbu", nayo ni mbwa. Na mashine hukaa kimya. Ikiwa ni aya ya Qurani, mtoto atahifadhi kosa, na lililohifadhiwa utotoni ni gumu kung'oka. Basi isinakiliwe hata karatasi moja ila baada ya hafidhi kuisoma chapa ya kwanza, herufi kwa herufi na irabu kwa irabu.

Wallahu aalam.