Kabla Hujapanda Tiger Moth

Tarehe 16 Desemba 2013, ndege ndogo aina ya Tiger Moth ilipaa katika jimbo la Queensland, Australia, ikiwa na rubani na abiria mmoja. Karibu na kisiwa cha South Stradbroke mabawa yake ya kushoto yalikunjika, ikaanguka baharini. Wote wawili walifariki.

Wachunguzi walikuta chanzo mahali ambapo abiria hafikishi jicho: fito mbili za chuma zinazokatiza mwili wa ndege upande hadi upande na kushikilia mabawa ya chini. Zote zilikuwa zimekatika penye hesi, pale nati inapokaa. Chukua kipande cha waya, ukipinde huku na huku. Mwishowe kitakatika mkononi bila hata kuvutwa. Chuma nacho huchoka. Ufa huanza mwembamba kama unywele ndani ya hesi, nati imeufunika, na kila safari inauongeza.

Fito hizo hazikuwa za kiwanda cha awali. Zilikuwa spea zilizotengenezwa Australia kwa kibali halali, zikatakiwa kudumu muda uleule wa fito za awali, yaani saa 2,000 za kuruka au miaka 18. Zilikatika mapema mno. Sisi tunaonunua spea za magari kila siku tunalielewa jambo hili vizuri: kifaa kinaweza kufanana na cha awali kwa umbo na vipimo, kisistahimili kazi ileile.

Kwa hiyo jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege halitoshi. Tiger Moth iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1931, na zaidi ya 8,000 zikaundwa, nyingi kwa ajili ya kufundishia marubani wa vita. Uingereza iliunda zake, Australia zake, Kanada zake. Wakanada, kwa baridi ya kwao, waliifunika sehemu ya kukaa kwa kioo, wakaweka breki na gurudumu la mkia. Ile ya Kiingereza haikuwa na breki. Nyuma iliburuta kipande cha chuma ardhini, na upepo ulimpiga rubani usoni.

Tofauti inayonigusa zaidi iko mkiani. Wakati wa vita, Waingereza waligundua kwamba Tiger Moth zao zikianza kuzunguka kama pia kuelekea chini, baadhi zilikuwa nzito kurudi katika hali ya kawaida. Walifunga mapezi mawili membamba ubavuni, mbele ya mkia, ili kusaidia kuuzima mzunguko ule. Hadi leo, Uingereza hutaka mapezi hayo kwenye Tiger Moth inayofanya michezo ya angani. Ndege nyingi za Australia na za Kanada zimeruka miaka yote bila hayo. Rubani aliyezoea moja akihamia nyingine hapaswi kudhani zitamtii sawasawa.

Ukoo huu wa ndege si mgeni kwetu. Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wa Wilson wa Nairobi una jina lake, alianza kampuni yake mwaka 1929 kwa Gipsy Moth, dada mkubwa wa Tiger Moth. Na mwezi Mei 1931, Gipsy Moth ilianguka Voi ikawaua mwindaji Denys Finch Hatton na mtumishi wake, Kamau.

Leo ndugu zetu walioko Uingereza au Australia hupewa safari ya namna hii kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni zawadi nzuri, nami simkatazi mtu. Ila kabla ya kulipa, uliza kama ndege itafanya michezo ya angani au itaruka kawaida tu, maana michezo hiyo huyabebesha mabawa mzigo mkubwa zaidi. Uliza pia fito na boliti za mabawa zilibadilishwa lini, na nani alizitengeneza. Fundi mwaminifu atakufungulia kitabu cha matengenezo akuonyeshe tarehe. Uingereza kuna ndege za kale ambazo abiria hutia saini kukiri kwamba ameelezwa kuwa hazifikii usalama wa ndege za abiria za kawaida. Karatasi hiyo isome yote, kisha usome na bima yako ya safari.

Ukishakaa kiti cha mbele, tangi la mafuta liko juu ya kichwa chako na usukani umesimama kati ya magoti. Simu ikidondoka inaweza kukwama penye mitambo ya kuongozea, basi iache chini au ifungie mfukoni. Mikanda ya zamani ina ncha nne zinazokutana kwenye pini moja tumboni. Usikubali kupaa kabla hujaifungua na kuifunga wewe mwenyewe, mara mbili. Propela, hata ikiwa imesimama, ipite mbali.

Ukiuliza kuhusu spea ukajibiwa kwa mzaha au kwa hasira, omba urudishiwe fedha zako. Una haki ya kujua kinachoshikilia mabawa.